Maudhi au madhara? Kisa cha mama aliyeikimbia dawa ya presha

Kisa hiki kinahusu mgonjwa wa presha aliyehudhuria kliniki ya kituo cha afya katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania. Jina lake, mji, mwaka na aina ya biashara vimeondolewa. Mfuatano wa vipimo na maamuzi umebaki, kwa sababu funzo limo humo. Dozi zinazotajwa ni zake peke yake. Mtu mwingine mwenye presha ileile anaweza kuhitaji mpango tofauti kabisa.

Usuli

Mgonjwa, tutakayemwita Mama K., alikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mjane, akiishi na binti yake na wajukuu wawili. Riziki yake ilitoka sokoni, kwenye biashara iliyomlazimu kukaa juu ya kigoda kifupi tangu asubuhi hadi alasiri. Magoti yalikuwa yakimuuma kwa miaka. Sukari hakuwa nayo, sigara hakuvuta.

Presha iligunduliwa kwa bahati tu. Alimpeleka mjukuu kituoni, muuguzi akampima na yeye: 172/102. Wiki iliyofuata akapimwa tena: 168/100. Hakuwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu wala chochote. Jambo hili lishikwe tangu sasa, maana ndilo lililoendesha mengi yaliyofuata. Ugonjwa wa Mama K. haukuwa na dalili hata moja, ila dawa ilikuja na dalili zake. Kwa hesabu ya mwili wake, alianza kuumwa siku alipoanza kutibiwa.

Tabibu alimwandikia amlodipini miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Dawa yenyewe haikuwa na kasoro. Imo katika mojawapo ya makundi ya dawa yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2021. Vilikosekana vitu viwili. Kipimo cha figo cha kuanzia hakikufanyika kwa kuwa kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha maabara kilikuwa kimekwisha, na hakuna aliyekumbuka kukirudia. Pili, hakuambiwa neno lolote kuhusu miguu.

Mfuatano wa matukio

Wiki ya sita, jioni, kamba za ndala zilianza kumwachia alama miguuni. Vifundo vilijaa kufikia saa kumi na moja, asubuhi vikawa vimenywea. Haya ni maudhi yanayojulikana sana ya amlodipini, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Dawa hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu kuliko inavyolegeza ile inayoirudisha. Damu inaingia kwa wingi, kutoka inasitasita, na maji kidogo yanapenya kwenye nyama zinazozunguka. Mtu anayekaa siku nzima miguu ikining'inia huyakusanya yote vifundoni. Mwili haujazidiwa na maji, figo hazijaguswa. Maji yamehama tu mahali.

Kliniki ya mwezi wa pili presha ilikuwa 146/90, dalili kwamba dawa inafanya kazi. Mama K. alitaja miguu. Alijibiwa, "Ni kawaida, endelea na dawa." Jibu hilo lilikuwa sahihi kitaalamu na halikumfaa kitu.

Mwezi wa tatu alikwenda msibani. Marehemu alikuwa mtu wa mtaa wa pili, aliyesafishwa damu kwa mashine kwa muda kabla ya kufariki. Wanawake waliokaa naye jamvini walikumbuka jinsi ugonjwa ulivyomwanza: alikuwa na presha, akapewa vidonge, miguu ikavimba, figo zikafa. Mama K. aliitazama miguu yake mwenyewe. Toka siku ile akaacha dawa, ila hakumwambia mtu. Kila ilipokaribia tarehe ya kliniki alimeza vidonge siku mbili tatu ili asigombezwe.

Hapo ndipo mambo yalipopotoka bila mtu kuona. Amlodipini hutoka mwilini polepole. Nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kutoka, na dawa hufikia nguvu yake kamili baada ya wiki nzima au zaidi ya kumeza kila siku. Siku tatu hazitoshi. Mwezi wa nne kipimo kikasoma 164/98. Tabibu aliona kwenye daftari mgonjwa anayemeza miligramu 5 na presha haishuki, akapandisha dozi hadi miligramu 10. Kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, wengi wangefanya hivyohivyo. Swali la umemeza siku ngapi halikuulizwa.

Siku tatu kabla ya kliniki iliyofuata, Mama K. alimeza miligramu 10 juu ya mwili usio na dawa. Kichwa kikamgonga, uso ukapata joto, moyo ukadunda. Maudhi hayo kwa wengi hupungua baada ya siku au wiki chache za kumeza mfululizo, mwili ukishazoea. Yeye hakupewa nafasi ya kuzoea. Aliirudia siku ya kwanza, tena kwa dozi kubwa maradufu. Uhakika wake kwamba dawa ni sumu ukazidi, na kwa haki yake, kwani alikuwa akiusikia mwilini.

Mwezi wa tano alilalamikia miguu tena, kwa daktari mwingine. Akaongezewa furosemidi miligramu 40, dawa ya kutoa maji. Kwa uvimbe wa amlodipini dawa hii husaidia kidogo sana, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: maji hayajazidi. Furosemidi ilimpeleka chooni mara nne kabla ya saa nne asubuhi, na choo cha soko kilikuwa mbali na cha kulipia. Aliinywa siku mbili.

Mwezi wa sita na wa saba aliacha vyote. Alikunywa choya, akala kitunguu saumu kila asubuhi, akapunguza chumvi. Presha aliijua kwa kichwa: kikiuma, imepanda, kisipouma, iko sawa.

Siku ya 214/118

Mwishoni mwa mwezi wa saba binti alimleta akiwa na maumivu makali ya kichwa tangu usiku. Kipimo cha kwanza kilikuwa 214/118.

Timu ilitafuta kwanza dalili za viungo kuumia: kuona, usemi, nguvu za mikono na miguu pande zote mbili, maumivu ya kifua, pumzi akilala chali, kuchanganyikiwa. Hakukuwa na hata moja. Mkojo ulionyesha protini ya alama moja, ishara kwamba huenda figo zimeguswa. Alikalishwa kwenye chumba kisicho na kelele kwa nusu saa, kipimo kikarudiwa kwa mkanda unaoenea vizuri mkono wake mnene (mkanda mwembamba huongeza namba): 198/110.

Muuguzi mmoja alipendekeza nifedipini ya kuweka chini ya ulimi. Ilikataliwa. Ubongo uliozoea presha ya juu kwa miezi hauvumilii kuporomoshewa ghafla. Mgonjwa anaweza kupata kiharusi kutokana na tiba yenyewe. Presha ya namba hii isiyo na dalili za viungo kuumia hushushwa kwa siku, si kwa dakika. Alipewa amlodipini miligramu 5 ya kumeza, akaruhusiwa kurudi nyumbani na binti yake, akatakiwa kurudi kesho yake na jambo moja: *mfuko wenye dawa zote zilizomo ndani ya nyumba, za hospitali, za dukani, za mitishamba, zake na za watu wengine anazoazima.*

Mfuko

Mazungumzo ya siku ya pili yalichukua dakika arobaini, na ni sehemu muhimu kuliko zote za kisa hiki. Muuguzi mkuu wa kliniki aliyafanya bila kofia ya hakimu.

Alianza hivi: "Shikamoo mama. Watu wengi wanaomeza dawa za kila siku huruka. Wewe katika siku saba zilizopita umeruka ngapi?" Swali la umemeza au hukumeza lina jibu moja tu la heshima. Hili lilimpa ruhusa ya kusema kweli, naye akasema: "Zote, mwanangu."

Swali la pili: "Unachokiogopa ni nini hasa?" Majibu yaliandikwa kama yalivyotoka. Dawa za presha zinaua figo. Ukianza huachi mpaka kaburini. Karatasi ya ndani ya boksi, aliyosomewa na mjukuu, imetaja maradhi chungu nzima. Moyo unanidunda nikimeza.

Kisha mfuko ukamwagwa mezani. Zilitoka pakiti za amlodipini za karibu miezi minne, hazijaguswa. Zikatoka furosemidi. Halafu, kwenye mfuko mdogo wa nailoni, vikatoka vikaratasi vitupu vya diklofenaki miligramu 50, vingi kuliko ambavyo mtu angevihesabu kwa jicho. Alinunua duka la dawa karibu na soko, kwa ajili ya magoti, akimeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku nyingine vitatu. Hakuvitaja kliniki kwa sababu hakuna aliyeuliza, na pia kwa sababu kwake hizo hazikuwa dawa za kuhesabiwa. Zilikuwa za maumivu tu.

Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni, indometasini na wengine, hufunga kemikali zinazoleta maumivu. Bahati mbaya ni kwamba kemikali hizohizo ndizo zinazoweka wazi mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Ukizimeza kila siku, damu inayofika kwenye chujio hupungua, chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda, nguvu ya dawa nyingi za presha hupungua. Hata uvimbe wa miguu huongezeka. Mama K. alikuwa ameikimbia dawa isiyomgusa figo na kuikumbatia ile inayozigusa.

Majibu ya maabara yalirudi siku hiyohiyo: kreatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa) mikromoli 118 kwa lita, na kasi ya uchujaji, yaani ya figo kuchuja damu, takriban mililita 47 kwa dakika. Kwa mwanamke wa umri wake hiyo iko chini ya inavyotakiwa. Hofu yake ya figo haikuwa upuuzi. Ilikuwa imeelekezwa kwa mshtakiwa asiyehusika.

Maamuzi na sababu zake

*Diklofenaki ilisimamishwa siku hiyo.* Ila huwezi kumnyang'anya mtu dawa ya magoti na kumwacha na magoti yake. Atarudi dukani kabla ya Ijumaa. Alipewa jeli ya diklofenaki ya kupaka mara tatu kwa siku, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kulinganisha na kidonge, na parasetamoli gramu 1 kwa siku ambazo maumivu yamezidi, isivuke gramu 3 kwa siku. Alifundishwa zoezi la misuli ya paja: kukaa kwenye kiti, kunyoosha goti mpaka mguu ulale sawa na sakafu, kushikilia kwa kuhesabu hadi kumi, kushusha polepole, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Kigoda kilibadilishwa na kiti cha kimo cha kawaida, na debe tupu la kuinulia miguu. Kiti hicho ndicho kilichomsaidia zaidi kwa wiki za kwanza, kwa magoti na kwa vifundo pia.

*Amlodipini ilirudi kwa miligramu 5, si 10.* Uvimbe wa vifundo hufuata dozi. Dozi ya 10 iliandikwa kwa kudhani ile ya 5 imeshindwa, hali ya kuwa haikuwa imemezwa. Furosemidi ilifutwa.

*Dawa ya pili ilicheleweshwa kwa makusudi.* Kwa presha kama yake kidonge kimoja kisingetosha. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019 na kuhusisha wagonjwa 728 weusi wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kuwa michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha zaidi ya mchanganyiko wa dawa nyingine mbili za presha, perindopril na haidroklorothiazaidi, usio na amlodipini. Mshirika aliyechaguliwa alikuwa losartani, kwa sababu mbili. Hulinda figo yenye protini kwenye mkojo, na hulegeza mishipa inayorudisha damu, kwa hiyo hupunguza uvimbe ulioletwa na amlodipini. Lakini losartani kwenye figo iliyotoka kubanwa na diklofenaki si jambo la haraka. Ukiiweka pamoja na diklofenaki na dawa ya kutoa maji, unapata mkusanyiko unaoweza kuangusha figo ndani ya siku chache. Timu ilisubiri wiki tatu, ikapima: kreatinini 88, uchujaji takriban 67. Ndipo losartani miligramu 50 ikaanza.

*Muda wa kumeza aliuchagua mwenyewe:* baada ya Isha. Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliotoka 2022 na kuhusisha watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya kiharusi wala mshtuko wa moyo kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni. Saa bora ni ile isiyosahaulika, na Isha ingebaki ileile hata Ramadhani.

*Choya na kitunguu saumu havikukatazwa.* Choya isiyo na sukari huweza kushusha presha kidogo. Kumkataza kungemfanya anywe kwa siri, na siri ndiyo iliyoleta 214/118. Sharti lilikuwa moja: choya iwe pamoja na kidonge, isiwe badala yake.

*Hofu ilipewa vipimo.* Hili ni jambo ambalo kliniki nyingi huliruka. Kwa kila hofu iliyoandikwa, timu iliuliza nini kingeithibitisha au kuikanusha. Figo: kreatinini leo, wiki ya tatu, wiki mbili baada ya losartani, kisha kila miezi sita, na majibu yaandikwe kwenye daftari lake kwa namba, si kwa neno "sawa". Miguu: binti ampime mzunguko wa kifundo kwa futi ya fundi cherehani, vidole viwili juu ya mfupa, Jumapili jioni. Moyo kudunda: ahesabu mapigo kwa dakika nzima anapousikia, aandike.

Mwisho, karatasi moja yenye sehemu tatu ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati:

- *Vumilia wiki mbili, kisha tuambie:* kichwa kuuma kidogo, uso kupata joto, vifundo kujaa jioni na kunywea asubuhi.
- *Endelea na dawa, ila njoo ndani ya siku tatu:* kizunguzungu ukisimama, uvimbe usiopungua asubuhi, mkojo wenye povu jingi. Kikohozi kikavu kiliongezwa baadaye.
- *Acha na uje saa hiyohiyo:* midomo, ulimi au uso kuvimba, kuzimia, kutapika na kuharisha kwa zaidi ya siku moja, maana mwili uliokauka pamoja na losartani huumiza figo. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ukilala, njoo saa hiyohiyo bila kuhangaika na suala la dawa.

Matokeo

Wiki mbili baada ya losartani kreatinini ilikuwa 95, na potasiamu, chumvi ya damu ambayo losartani huweza kuipandisha, ilikuwa ya kawaida, milimoli 4.4 kwa lita. Kupanda kutoka 88 hadi 95 kulitarajiwa, kwani dawa hii hupunguza shinikizo ndani ya chujio, na ongezeko la hadi asilimia 30 hukubalika. Aliambiwa hivyo *kabla* ya kupimwa. Bila maelezo hayo namba mpya ingekuwa ushahidi wa jamvini kwa mara ya pili.

Wiki ya nane ya mpango huu mpya wastani wa presha ya nyumbani ulikuwa 138/84. Mwezi wake wa sita, 131/82, chini ya kikomo cha 135/85 kinachotumika kwa vipimo vya nyumbani. Kreatinini 90. Protini haikuonekana tena kwenye mkojo. Kifundo kilitoka sentimita 27 hadi 25. Kujaa jioni kulibaki kidogo, naye akasema kunavumilika. Mapigo yaliyohesabiwa wakati moyo "unadunda" yalikuwa kati ya 76 na 88. Baada ya kuyaandika mara tano aliacha kuyaandika.

Katikati ya hapo losartani iliadimika. Muuza dawa alimpa enalaprili, akimwambia inafanya kazi ileile. Ni kweli kwa sehemu: hushusha presha kwa njia ya jirani, lakini huacha kemikali iitwayo bradikinini irundikane, na hiyo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Kwa nadra huvimbisha ulimi, tena kwa watu wenye asili ya Afrika zaidi ya wengine. Siku ya kumi na mbili Mama K. alifika kituoni akikohoa, bila miadi, enalaprili mkononi. "Nimekuja kabla sijaacha," alisema. Alirudishiwa losartani, na kikohozi kikaisha baada ya wiki tatu.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Binti alinunua mashine ya presha, na mwezi wa kwanza mama akajipima hadi mara tisa kwa siku. Kila namba iliyopanda ilimtia hofu, hofu ikapandisha namba iliyofuata. Mashine ilihamishiwa chumbani kwa binti na utaratibu ukawekwa: siku tatu mfululizo kila mwezi, na siku saba kabla ya kliniki. Apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, bila kuzungumza. Vipimo viwili asubuhi na viwili jioni, dakika moja kati yake. Siku ya kwanza haihesabiwi, zilizobaki zinatafutiwa wastani. Kuanzia hapo alipunguza kuogopa mashine.

Uchambuzi

Kiswahili cha kliniki kina maneno mawili mazuri ambayo kwenye kisa hiki hayakutenganishwa mpaka mwezi wa nane. *Maudhi* ni usumbufu unaokera usioharibu: vifundo kujaa, kikohozi kikavu. *Madhara* ni kuharibu: figo kupungua nguvu, ulimi kuvimba. Aliyemwambia "ni kawaida" alimaanisha maudhi. Mgonjwa alikuwa akiuliza kuhusu madhara. Jibu lilikuwa la swali ambalo halikuulizwa. Sentensi mbili wiki ya kwanza zingetosha: miguu inaweza kujaa jioni kwa sababu mishipa imelegea; si figo, na tutakupima figo uone mwenyewe.

Simulizi ya msibani nayo ilistahili jibu bora kuliko kuitwa uvumi. Watu hawa hawakudanganya: walimwona mtu mwenye presha, vidonge na figo zilizokufa. Presha ya muda mrefu isiyotibiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kushindwa, na figo ikianza kushindwa huipandisha presha zaidi, hivyo mgonjwa wa figo huwa na vidonge vingi vya presha. Kila paa linalovuja hukutwa na ndoo chini yake, na ndoo haikulitoboa. Muuguzi alitumia mfano huo, Mama K. akaupeleka sokoni.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yetu, ni kupandisha dozi bila kuuliza umezaji. Makosa mengine yalikuwa ya kukosa maneno au kitendanishi; hili liliingiza dawa nyingi zaidi kwenye tatizo lililoletwa na hofu ya dawa. Halafu furosemidi ikaja kutibu maudhi ya dawa ya kwanza, na ingekuwa na maudhi yake, na ya tatu ingefuata. Kabla ya kuongeza dawa yoyote ya presha, maswali matatu yanatosha: umeruka ngapi wiki hii, unameza nini kingine, mkanda wa mashine unaenea?

Kuhusu moyo kudunda, inawezekana sehemu yake ilitokana na hofu yenyewe. Mwaka 2020 utafiti wa SAMSON wa Imperial College London uliwachukua watu 60 walioacha dawa za kolesteroli kwa sababu ya maudhi, ukawapa kwa zamu miezi ya dawa, miezi ya vidonge vitupu na miezi bila kidonge. Karibu asilimia 90 ya usumbufu waliouhisi kwenye miezi ya dawa ulijitokeza pia kwenye miezi ya vidonge vitupu. Usumbufu ule haukuwa wa kubuni, watu waliuhisi kwelikweli. Ndiyo maana timu haikumwambia Mama K. kwamba ni mawazo yake. Ilimpa kazi ya kuhesabu mapigo, akafika kwenye jibu kwa kidole chake mwenyewe. Njia hii isingefaa kwa vifundo, ambavyo vilivimba kweli na vilihitaji kubadilishwa kwa dozi. Kumchanganyia mgonjwa haya mawili ni njia ya haraka ya kumpoteza.

Karatasi ya ndani ya boksi ilieleweka aliposomewa upya pamoja na maana ya maneno yake. "Kawaida sana" ni zaidi ya mtu 1 katika 10, "kawaida" ni hadi 1 katika 10, "nadra" ni chini ya 1 katika 1,000. Mjukuu alikuwa amesoma orodha yote kwa sauti moja, kana kwamba yote yangempata bibi Jumamosi.

Duka la dawa limebaki kama lilivyokuwa. Muuza dawa hakufanya hila; aliuza alichoombwa, na hakuna aliyemweleza kwamba mteja wake wa kila wiki ana presha. Kliniki ilianza kuandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari la kila mgonjwa wa presha: *asiuziwe diklofenaki, ibuprofeni wala indometasini.* Tatizo ni kwamba watu hawaendi dukani na daftari. Mama K. ameikariri orodha hiyo na huitaja kaunta, lakini binti yake anapotumwa dawa ya magoti hununua anachopewa, na mara moja katika miezi hiyo sita diklofenaki ilirudi ndani ya nyumba kwa njia hiyo, ikakaa siku nne kabla haijaonekana.